Betri 3 ndani ya miezi 14: kisa cha trekta la bustani lililopigwa rangi

Mazingira

Hiki kisa nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe, nimetoa tu jina la shule na majina ya watu na vitu viwili vitatu vya kuwatambulisha. Ni shule ya bweni ya masista huku kaskazini, sehemu za baridi, nyasi hazikauki mwaka mzima, wana kiwanja cha mpira na uwanja mwingine mkubwa mbele ya kanisa, na nyasi zote hizo zinakatwa na trekta moja dogo la bustani lililokuja kwenye kontena la msaada kabla hata wanafunzi wa sasa hawajazaliwa. Sio yale ya kulimia, hili unakaa juu unakata nyasi, visu viko tumboni, na nyuma unaweza kufunga katela ka kubebea majani au pipa la maji.

Injini ni Kohler ya silinda moja, ile K-series ya chuma tupu, 16 hp, ya petroli. Kuna mambo manne ya hii mashine uyashike kabla hatujaenda mbali. Kwanza haina alteneta ya mkanda kama gari, chaji yake ni ndugu na ya bodaboda, yaani sumaku ziko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, koili imekaa chini yake, inatoa AC (umeme wa kwenda na kurudi) kwa nyaya mbili, zinaingia kwenye rektifaya, alafu rektifaya ndo inaugeuza kuwa DC (umeme wa upande mmoja) ya kwenda betri. Pili, moto wa plagi unatoka kwenye betri, ina pointi na koili nyingine ya moto kama magari ya zamani, kwaiyo injini ikiwa inaunguruma inakula betri muda wote. Tatu, visu vinashikwa na klachi ya umeme, ukivuta swichi sumaku inang'ata, umeme ukipungua inaachia. Nne, injini imekaa juu ya raba ili isitikise bodi. Hilo la raba liweke pembeni, tutalirudia.

Malalamiko

Aliyenipigia simu ni Sista mhasibu. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina hakuzunguka: "Fundi, kuna mashine hapa inakula betri kama mtoto anakula pipi, njoo uniambie niitengeneze au niiuze chuma chakavu." Nikamuuliza imekula ngapi, akasema iliyopo saivi ni ya tatu tangu mahafali ya kidato cha nne ya mwaka juzi, ukihesabu ni miezi 14 hivi, kila betri karibu laki na nusu, juu yake stata mpya, juu yake rektifaya mpya, na fundi aliyepita alishawaambia kilichobaki ni koili ya chini ya flaiwili ambayo lazima iagizwe nje. Bei ya hiyo koili pamoja na kuisafirisha ndo ilimfanya atafute mtu wa pili.

Hilo neno "tangu mahafali" lilinipita sikioni hivihivi. Lingenibaki kichwani ningeokoa nusu siku.

Nilipofika nikamkuta mwenye mashine hasa, mzee wa bustani, pale shuleni kila mtu anamwita Babu na mimi nikamwita hivohivo. Shikamoo, marahaba, akanivutia stuli, nikamuacha aongee bila kugusa spana. Akasema asubuhi ukizungusha ufunguo trekta linasema "tak" mara moja basi, au linazunguka kivivu mara mbili linanyamaza. Likishapata moto ukalizima ukataka kuliwasha tena ni mbaya zaidi. Ukilibusti na Landkruza ya shule, yaani uliazimie umeme wa betri yake kwa kebo, linawaka hapohapo. Na mchana, akishakata nyasi masaa kama manne, visu vinaacha vyenyewe huku injini inaendelea, baada ya muda injini nayo inaanza kukohoa. Fundi aliyepita alimwambia klachi ya visu imeisha, kwaiyo kwenye orodha ya vitu vya kununua na yenyewe ilikuwemo.

"Ukilibusti linawaka kama jipya mwanangu," Babu akarudia, "sasa kama sio betri ni nini?"

Na mimi moyoni nikakubaliana nae. Hapo tulikuwa watu watatu tumedanganywa na jambo moja, mimi, Babu na yule fundi wa kwanza.

Kuna kitu kingine alikisema akiwa anacheka ila mimi sikucheka. Siku zikikataa kabisa alikuwa anasimama pembeni ya tairi la nyuma, anachukua bisibisi anaunganisha moja kwa moja zile bolti mbili nene za otomatiki ya stata, ile swichi kubwa inayoipa stata umeme ukizungusha ufunguo. Siku moja gia ilikuwa imeingia, trekta likaruka likaenda kugonga nguzo ya tenki la maji. Babu aliruka pembeni. Kwa umri wake, aliruka pembeni.

Asubuhi: nilivyoanza vibaya

Betri ilikuwa N40 ya gari dogo, ile size yenyewe ya trekta haipatikani huku kirahisi, kwaiyo ilikuwa haikai kwenye kitako chake, imefungwa na mpira wa tyubu. Ilikuwa imelala kwenye chaja usiku kucha, nikaweka mita, 12.5 volti, sio mbaya. Nikazungusha ufunguo. Tak.

Sasa kwa vile nilishajazwa maneno ya koili kichwani, badala ya kumfuata huyo "tak" mimi nikakimbilia chaji. Tukabusti na Landkruza, likawaka, nikatoa kebo za busta nikapima betri ya trekta ikiwa inaunguruma, 12.4, nikapandisha resi mpaka mwisho, 12.4 ileile. Mashine ya namna hii ikiwa inachaji vizuri na resi iko juu unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.7. Kwaiyo haichaji, hapo hamna ubishi. Nikalizima, nikachomoa zile nyaya mbili za pembeni kwenye rektifaya, ndo AC zinazotoka kwenye koili, ya katikati ndo inaenda betri, tukaliwasha tena, nikaweka mita kwenye AC katikati ya hizo nyaya mbili. 11 volti. Kitabu cha Kohler kwa hii chaji ya ampia 15 kinataka 28 kwenda juu. Nikamwambia Sista kwa kujiamini kabisa kwamba mwenzangu alikuwa sahihi, koili imekufa.

Nikalizima nikaanza kufungua bati la upepo linalofunika flaiwili. Bolti ya pili ilikuwa ngumu, rangi imeingia mpaka kwenye kichwa chake, spana ya 10 haikai, ikabidi nikwangue. Babu yuko pembeni ananiangalia, akauliza taratibu kama mtu anayeomba radhi, "Fundi, hivi hiyo unapima likiwa limetulia hivo? Mimi sikati nyasi kwa sailensa."

Nikasimama na spana mkononi. Kile kitabu kinasema 28 volti kwa resi ya 3600, yaani mizunguko 3600 kwa dakika, resi ya kazi, na mimi nilikuwa nimepima kwa sailensa tupu, injini imetulia bila kupandishwa resi. Mara ya kwanza nilipandisha resi nikiwa napima betri, mara ya pili nikasahau. Tukarudisha bati, tukabusti tena, nikapandisha resi, mita ikasoma 31. Koili nzima kabisa. Kama sio Babu ningevuta flaiwili ya injini ya zamani namna hiyo bila sababu, na wanaojua flaiwili za zamani wanajua zinavyong'ang'ania shafti, unaweza kuingia na tatizo moja ukatoka na matatu.

Mchana: waya wa choki

Nikaomba maji ya kunywa nikakaa chini. Nikiwa nimekaa pale chini ndo nikaona kitu ambacho nikiwa nimesimama sikukiona. Kebo ya choki, ile inayotoka kwenye dashibodi kwenda kabureta, plastiki yake ilikuwa imeyeyuka katikati, imekuwa nyeusi imejikunja kama nailoni ya mkaa. Kumbuka ekzosi iko upande mwingine. Hamna kitu cha moto karibu na pale.

Kebo ya choki haibebi umeme. Ikiungua ujue imebebeshwa. Umeme wa stata ukishatoka chanya ya betri ukapita otomatiki ukaingia kwenye stata, lazima urudi kwenye hasi ya betri, na njia yake ya kurudi ni mwili wa injini, kisha bodi, kisha kebo ya hasi. Injini yetu iko juu ya raba, na raba haipitishi. Lazima kuwe na kebo nene inaunganisha injini na bodi. Kama haipo au ni mbovu umeme unatafuta chuma chochote kinachogusa pande zote mbili, na hapo chuma kilichokuwepo ni kebo ya choki na ya resi.

Nikaitafuta hiyo ethi ya injini. Nikaikuta chini upande wa kushoto, na sitaisahau. Ulikuwa ni waya wa taa wa nyumbani, ule wa unene wa milimita 1.5 za mraba, kama nusu mita hivi, ganda lake limevimba, umefungwa ncha moja kwenye injini na ncha nyingine kwenye bodi, na ncha zote mbili zimekaa juu ya rangi. Rangi nzuri kweli, inang'aa, imepigwa mara mbili.

Hapo ndo "tangu mahafali" ikanirudia. Nikamuuliza Babu trekta lilipigwa rangi lini. Akasema walilipiga rangi kwa ajili ya mahafali, askofu alikuwa anakuja, injini ilishushwa kabisa, ikasafishwa, ikapigwa rangi, ikarudishwa. Ile ethi ya zamani, ule mkanda wa nyaya zilizosukwa, ulikuwa umechakaa, aliyerudisha injini akaona haufai kukaa kwenye kitu kipya akautupa, akaweka huo waya wa taa.

Nikaweka mita kwenye kupima njia, ncha moja kwenye injini nyingine kwenye bodi, ikalia "piii" kwa raha zake, inasoma karibu sifuri. Nadhani hapa ndo fundi wa kwanza aliishia. Mita inaposema piii inapitisha kaumeme kadogo mno, sehemu ya elfu ya ampia, kuuliza tu kama kuna njia. Stata ya injini hii inataka zaidi ya ampia 100. Mrija wa soda una njia, ukipuliza upepo unatoka, ila huwezi kumwagilia shamba la mahindi nao.

Alafu nikafanya jaribio ambalo ningelifanya saa tatu asubuhi tungemaliza mapema. Nikachukua kebo ya busta ile nyeusi peke yake, nyekundu nikaiacha chini, Landkruza nikaisogeza kabisa isije ikasemekana ndo iliyosaidia. Ncha moja kwenye hasi ya betri ya trekta, ncha ya pili kwenye chuma cha injini nilipokwangua. Nikamwambia Babu zungusha. Stata ikazunguka kama ya gari jipya, likawaka mara moja, kwa betri ileile iliyokuwa inasema tak.

Babu alikaa kimya kidogo, akasema, "Kwaiyo lile gari lilikuwa halitupi umeme?"

Lilikuwa linawapa, ila cha maana zaidi lilikuwa linawapa njia ya kurudi. Dereva wa Landkruza alifundishwa vizuri, kebo nyeusi huwa haiweki kwenye hasi ya betri mbovu, anaibana kwenye chuma cha injini, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa kufanya sahihi akawa kila siku anaruka juu ya ule waya wa taa bila kujua, stata inarudisha umeme kupitia kebo yake nene, trekta linawaka, na wote wanasema "unaona, betri".

Vipimo vya stata

Baada ya hapo nikapima kwa utaratibu, stata ikiwa inajaribu kuzunguka, maana waya usio na mzigo hauonyeshi ubovu wake. Kwenye vichwa vya betri 10.9 volti. Kwenye stata yenyewe, kutoka bolti yake mpaka mwili wake, 7.6. Volti 3.3 zimepotelea njiani. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka bolti ya stata, zimepotea 0.6. Upande wa hasi, kutoka mwili wa stata mpaka kichwa cha hasi cha betri, 2.7. Kwa kawaida upande mzima ukizidi nusu volti mimi naanza kutafuta. Hapo hata hukuhitaji kutafuta.

Ule "tak" ulikuwa ni otomatiki inavuta vizuri tu, inafunga, stata inaomba umeme mwingi, volti zinazama, basi. Na injini ikipata moto ule waya mwembamba nao umeshapata moto, unazuia zaidi, ndo maana mchana ilikuwa mbaya kuliko asubuhi.

Maamuzi na sababu zake

Sikununua hata kitu kimoja kabla ya kujaribu kwa kebo ya mkononi, na chaji nikaifanyia vilevile. Rektifaya ni mpya, koili inatoa 31, waya wa katikati mpaka betri nimeufuata ni mzima, sasa kwanini haichaji? Hii rektifaya haina waya wa hasi, hasi yake ni mwili wake wenyewe, inaipata kwa kufungwa kwenye bati la injini. Na bati lile, kama unavyodhani, lilikuwa limepigwa rangi mbele na nyuma na bolti zake zimepigwa. Nikaacha injini iungurume kwa resi ya juu, nikagusisha waya kutoka mwili wa rektifaya mpaka hasi ya betri. 12.4 ikapanda 13.1, 13.6, ikatulia 14.1. Sista alikuwa amesimama hapo, nikamuonyesha mita, nikatoa waya ikashuka, nikarudisha ikapanda. Hiyo ilimshawishi kuliko maelezo yangu yote, maana asubuhi si nilishamwambia koili imekufa.

Fundi wa kwanza alitoa rektifaya nzima akaweka rektifaya nzima nyingine juu ya rangi ileile.

Matengenezo yenyewe sasa. Nilinunua mjini kebo ya shaba ya milimita 25 za mraba na vichwa vyake vya kubana. Nikaamua hasi ya betri iende moja kwa moja kwenye injini badala ya kupita kwenye bodi kwanza, alafu kebo ya pili kutoka injini kwenda bodi kwa ajili ya taa na swichi. Sababu ni kwamba mzigo mkubwa kuliko yote uko kwenye injini, na kila bolti njiani ni sehemu nyingine ya kushika kutu kwa ile baridi na umande wa pale. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa sehemu nne: pale kebo inapofungwa kwenye injini, kwenye bodi, kitako cha stata, na mgongo wa rektifaya pamoja na bati lake. Nikaweka washa za meno, nikakaza, alafu juu yake grisi. Grisi inaenda mwisho baada ya kukaza, kazi yake ni kuzuia maji. Vichwa vya betri navyo nikavibadilisha maana kebo ilikuwa imezungushiwa na kukazwa na waya wa kufungia nondo.

Swichi za usalama nilizikuta zimerukwa zote, ya kiti, ya klachi ya mguu na ya visu, nyaya zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa nailoni. Nilizirudisha za klachi na visu siku hiyohiyo, ya kiti ilikuwa imevunjika nikaagiza. Babu hakufurahi sana, aliona nampunguzia uhuru, nikamkumbusha nguzo ya tenki. Na ile bisibisi nikaondoka nayo, utani utani lakini niliondoka nayo.

Uamuzi ambao ulikuja kunisumbua ni wa betri. Ile ya tatu ilikuwa na miezi mitano, nikaichaji, ikashika 12.5, nikasema tusiwaongezee gharama, ibaki. Nilikuwa nataka pia kumuonyesha Sista kwamba betri haikuwa tatizo. Kidogo ilikuwa majivuno.

Matokeo

Baada ya kufunga nikapima tena. Stata ikizunguka, vichwa vya betri 10.4, kwenye stata 9.9, upande wa hasi umepoteza 0.1, wa chanya 0.4. Angalia hapo, betri imeshuka chini kuliko mwanzo, 10.4 badala ya 10.9, na mtu asiyejua anaweza kusema nimeharibu. Stata sasa inapata umeme inaoutaka kwaiyo inavuta zaidi, na betri inayovutwa zaidi lazima ishuke zaidi. Mwanzoni betri ilionekana na nguvu kwa sababu ilikuwa imezuiwa isifanye kazi.

Visu viliacha kuacha. Klachi haikununuliwa, mpaka leo ni ileile. Muhula wote ule trekta liliwaka kwa ufunguo, asubuhi na mchana, likizo fupi ya katikati likakaa wiki mbili likawaka.

Likizo ya Desemba likakataa. Babu akanipigia simu Januari wanafunzi wakiwa njiani kurudi, nikaenda nikakuta betri 11.4, nikaichaji usiku kucha ikaonyesha 12.5 nzuri kabisa, tukawasha mara mbili, ya tatu ikazama. Ile betri ilikuwa imeishi miezi yake mitano ya kwanza bila kuchajiwa hata siku moja na trekta, inashushwa mpaka chini, inapandishwa na chaja, inashushwa tena, na betri ya risasi ikikaa bila chaji inaota ile chumvi nyeupe kwenye sahani, haitoki tena. Sista akanunua ya nne. Hakunilaumu ila alinitazama.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanasema kulikuwa na matatizo matatu, stata, chaji na visu. Mimi naona lilikuwa moja lililotokea siku moja kwa mkono mmoja. Trekta lililokuwa zima likashushwa injini, likapigwa rangi kila mahali, likarudishwa. Rangi ikakata njia ya kurudi ya stata na ikakata hasi ya rektifaya kwa mpigo. Swali la "lilianza lini na siku hiyo mlifanya nini" lingetupeleka hapo asubuhi, na jibu Sista alishalitoa kwenye simu kabla sijauliza.

Hesabu ya visu naipenda kwa sababu imenyooka. Moto wa plagi kwenye mashine hii unakula ampia kama 3 au 4, klachi ya visu inakula kama hizohizo, jumla tuseme 7. Bila chaji, masaa manne ya kukata nyasi ni ampia-saa 28 kutoka kwenye betri ya ampia-saa 40 ambayo asubuhi wala haikuwa imejaa. Kwaiyo mchana volti zinashuka, klachi inaachia kwanza maana sumaku yake inahitaji nguvu, kisha moto wa plagi unafifia injini inakohoa. Mpangilio aliousema Babu, visu kwanza kisha injini, ulikuwa ni maelezo kamili ya betri inayokufa taratibu ikiwa kazini. Fundi wa kwanza alisikia "visu" akafikiria klachi.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuazima njia kwa kebo ya mkononi kabla ya kununua kitu, mara mbili, kwenye injini na kwenye rektifaya. Haigharimu kitu na mteja anaona kwa macho. Kupima volti zinazopotea stata ikiwa inavuta nako kulimaliza ubishi, ingawa kwa kweli nilishajua jibu, nilipima ili nipate namba za kumuachia Sista kwenye karatasi.

Kilichofeli upande wangu: nilipima AC kwa sailensa, hilo ni kosa la mwanafunzi. Nilimsikiliza fundi aliyepita kupitia mdomo wa mteja nikaanza na jibu lake badala ya dalili, dalili ilikuwa "tak" na mimi nikaenda kwenye koili. Na betri ya tatu nilipaswa kuipima kwa mzigo, kuiwasha mara tano sita mfululizo nione inavyoshuka, sio kuangalia 12.5 ya asubuhi ambayo hata betri iliyooza inaweza kuionyesha ikitoka kwenye chaja.

Fundi wa kwanza sitaki kumponda sana. Kila kitu alichobadilisha kilikuwa na dalili nyuma yake. Shida ni kwamba baada ya stata mpya kukataa angejiuliza kwanini, yeye akaenda kwenye kitu kinachofuata. Stata ya zamani Babu alikuwa bado anayo stoo, niliijaribu mezani, inazunguka vizuri. Rektifaya ya zamani nayo niliifunga siku nyingine kwa kujaribu tu, ikachaji 14. Zote mbili sasa ni spea za shule, angalau zimebaki.

Kuna jambo dogo kwa wanaoshika hizi mashine: usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma ili "uone kama inachaji", mchezo huo wa magari ya zamani unaua rektifaya. Usigeuze chanya na hasi hata kwa sekunde. Na mtu wa kuchomelea akija kuchomelea ndoano ya tela, chomoa zile nyaya za rektifaya kwanza. Pale shuleni walichomelea mara mbili bila kuchomoa, sijui kwa bahati gani ilipona.

Juzi Babu amenipigia tena. Mwaka huu shule inatimiza miaka kadhaa, kuna wageni, na Mkuu wa shule ameagiza trekta lipigwe rangi. Nimemtumia kwa basi roli mbili za soletepu na kopo la grisi. Jioni akanitumia picha, sehemu zote nne amezifunga, na ya tano ambayo sikumwambia, ncha ya kebo kwenye betri, nayo ameizungushia mpaka imekuwa kama kidonda.